Programu ya Kuhariri Video: Anayeanza Achague Ipi?



Kila msimu wa korosho unapomalizika na malipo kuwafikia wakulima, simu janja mpya huingia katika nyumba nyingi za Masasi na Newala. Pamoja na simu hizo huja swali ambalo vijana, na wakati mwingine wazazi wao, hutuuliza baada ya swala: "Tunataka kujifunza kuhariri video, ni programu gani iliyo bora?" Safu yetu ya wiki hii inalijibu swali hilo kwa ajili ya yule anayeanza, ambaye hana nia ya kufungua studio, ila anapenda kazi hii na angetaka iwafae watu wa nyumbani na wa msikitini kwake.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: programu inayomfaa anayeanza ni ile inayotosha kwa kazi aliyoikusudia, inayoweza kuendeshwa na kifaa alichonacho, na iliyopatikana kwa njia ya halali. Sharti hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, nasi tutalirefushia maneno.

Picha za mwaka 1906

Kuhariri ni kuchagua: kipi kionekane, kipi kikatwe, nani asikike na nani anyamazishwe. Watu wa upande wetu wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijazimika kabisa, mtafiti wa Kijerumani aliyeitwa Karl Weule, wa jumba la makumbusho la mji wa Leipzig, alitoka Lindi akaja Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Alibeba kamera ya picha za kawaida, mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta, na kamera ya sinema. Alirekodi nyimbo na ngoma za wazee wetu, akahudhuria hata sherehe za unyago na kuzipiga picha. Mwaka 1908 kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani, kikiwa na picha nyingi za watu wa Masasi na Newala.

Hatulitaji jambo hili ili kufufua chuki. Kumbukumbu zile zina faida yake kwa wenye kutafuta elimu. Lakini uamuzi wa kipi kihifadhiwe, kipi kichapishwe na kielezwe kwa maneno gani ulifanyika Ujerumani, mbali na wale waliopigwa picha. Leo kamera imo mkononi mwa vitukuu vyao, na mkasi wa kukatia picha umo ndani ya simu hiyo hiyo. Kitukuu ndiye atakayeamua bibi yake aonekane vipi na sheikh wake asikike akisema nini. Ndiyo maana swali la programu, ingawa ni dogo kwa sura, tumeona linastahiki ukurasa wa familia.

Kwanza kazi, kisha programu

Wengi huanza kwa kuuliza jina la programu kabla ya kujua wanataka kufanya nini. Tunashauri kinyume chake. Mwenye kuanza akae na karatasi, aandike kazi yake ya kwanza. Je, ni darsa ya Ijumaa ya dakika arobaini anayotaka kuifupisha hadi dakika tano? Je, ni bibi anayesimulia kwa Kimakonde habari za zamani, na wajukuu walioko Dar es Salaam hawaifahamu vyema lugha hiyo? Je, ni mafunzo ya kutia udhu kwa watoto wa madrasa?

Ukizitazama kazi hizo utaona kuwa zinahitaji mambo manne tu. La kwanza ni kukata sehemu zisizotakiwa na kuunganisha zilizobaki. La pili ni kurekebisha sauti: kuipandisha iliyo chini na kupunguza uvumi wa upepo. La tatu ni kuandika maneno chini ya picha, kama vile jina la msemaji au tafsiri ya Kiswahili chini ya maneno ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao. La nne ni kutoa faili la mwisho lililo tayari kutazamwa na watu. Takriban kila programu ya leo, ya bure na ya kulipia, inayaweza manne haya. Mapambo mengine yote, kama picha zinazozunguka, nyota zinazomeremeta na nyuso zinazong'arishwa, mwanafunzi hayahitaji katika mwaka wake wa kwanza.

Kifaa ulichonacho

Aliye na simu tu aanze na simu. Miongoni mwa programu za simu zinazojulikana sana ni CapCut, InShot, VN na KineMaster, na mwenye simu ya Apple ana iMovie bila malipo. Zote zina njia ya kuanza bure, lakini tofauti zake ni vyema zijulikane. KineMaster ya bure huweka chapa yake juu ya video yako mpaka ulipie. InShot nayo huweka chapa, ila hukuruhusu kuiondoa kwa kutazama tangazo. CapCut, inayomilikiwa na kampuni ya Kichina ya ByteDance yenye TikTok, ina zana nyingi na ni nyepesi kujifunza, lakini zana kadhaa zimo katika sehemu ya kulipia, na nyingine hazifanyi kazi bila intaneti, jambo linalokula bando. VN ni tulivu zaidi na haiweki chapa. Masharti ya programu hizi hubadilika mara kwa mara, hivyo msomaji ajiridhishe mwenyewe kabla ya kuamua.

Kwa anayeanza na hotuba, darsa na mazungumzo ya wazee, sisi tungemwelekeza kwenye VN au InShot, kwa kuwa kazi yake ni kukata na kuandika maneno, na hizo zinamtosha.

Aliye na kompyuta ana uwanja mpana zaidi. Zipo programu huria, yaani zile ambazo watengenezaji wake wenyewe wameziruhusu zitumike, zinakiliwe na zigawiwe bila malipo. Tatu zinajulikana: Kdenlive, iliyoanza mwaka 2002, OpenShot, iliyoanza mwaka 2008, na Shotcut. Zote tatu huendeshwa na Windows na pia na Linux. OpenShot ndiyo rahisi zaidi kwa siku ya kwanza. Kdenlive ina mengi ya kujifunza, lakini mtu hukua nayo kwa miaka. Aidha, Kdenlive inaweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako ili kompyuta dhaifu isikwame unapokata. Mwishoni kazi hutolewa kutokana na picha halisi. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye gigabaiti 8 za ramu inaiweza kazi hiyo.

Ipo pia DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo lake la bure lina nguvu kubwa na hutumiwa hata na wataalamu wa filamu. Tatizo lake ni kuwa inataka kompyuta yenye nguvu, gigabaiti 16 za ramu au zaidi pamoja na kadi nzuri ya picha. Kijana atakayeiweka katika kompyuta kuukuu atavunjika moyo na kudhani kuwa yeye ndiye asiyejua. Ama Adobe Premiere Pro, hiyo ni ya kulipia. Tangu mwaka 2013 kampuni yake imeacha kuuza matoleo mapya ya kununuliwa mara moja, na sasa mtumiaji hulipa kwa mwezi au kwa mwaka.

Wako wanaoulizia Windows Movie Maker waliyoizoea zamani. Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017, na mwezi Novemba mwaka huo huo kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitahadharisha juu ya matapeli waliokuwa wakisambaza programu bandia kwa jina hilo na kudai fedha. Wenye Windows 11 watakuta Clipchamp ikiwa imewekwa tayari, nayo inatosha kwa kazi ndogo.

Mwenye kuanza aangalie vilevile nafasi ya kuhifadhia. Katika simu nyingi, dakika moja ya video ya ubora wa 1080p huchukua kati ya megabaiti 60 na 130, kwa hiyo darsa ya saa moja inaweza kufikia gigabaiti 8. Simu yenye nafasi ndogo itajaa kabla sheikh hajafika katikati. Ikiwa video itatazamwa kwenye simu tu, ubora wa 720p unatosha, na faili lake ni dogo kwa mpokeaji ambaye naye ananunua bando.

Halali na haramu ya programu

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi. Mwaka jana vijana watatu wa msikiti wetu waliiomba kamati fedha za kuanzisha kazi ya kurekodi darsa. Katika hesabu yao kulikuwa na shilingi elfu kumi na tano za fundi mmoja, ambaye angewawekea katika kompyuta ya ofisi programu ya kulipia aliyoivunja kufuli, maarufu kama "kreki". Vijana hawakuficha lolote. Waliliona ni jambo la kawaida, kwani ndivyo ilivyo katika vibanda vingi vya mijini.

Kamati ilijadiliana. Mzee wetu mmoja alisema kuwa makampuni hayo ni tajiri, yako mbali, na wenyewe si Waislamu. Hasara watakayopata kwa msikiti mmoja wa Kusini ni ipi? Ni hoja inayosemwa na wengi, nasi hatumlaumu kwa kuisema waziwazi. Imamu alimjibu kwa kisa kinachojulikana na kila aliyesoma sira. Usiku wa Hijra, Makuraishi wakiwa wamepanga kumuua, Mtume (SAW) alimwacha Ali (RA) nyuma Makka ili awarejeshee watu amana zao. Wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa watu waliomkataa na kumfukuza katika mji wake. Kama dini ya mwenye mali na uadui wake havikuihalalisha mali yake usiku ule, havitaihalalisha leo katika ofisi ya msikiti.

Wanazuoni wa zama zetu wamelizungumza jambo hili kwa jina lake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha azimio kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni haki zinazotambuliwa na sheria ya Kiislamu, zina thamani ya kifedha, na haijuzu kuzivamia. Sheria za nchi yetu nazo ziko upande huo huo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uvunjaji wa haki hizo unaofanyika kupitia kompyuta.

Upo pia ubaya wa kidunia. Anayevunja kufuli ya mwenzake hatuna dhamana kuwa hataacha mlango wazi kwa ajili yake mwenyewe. Programu za namna hiyo hubeba virusi mara nyingi, na kompyuta ya ofisi ya msikiti ina daftari la sadaka, majina ya mayatima na picha za familia za watu.

Kamati iliamua kuwa kompyuta iliyopo iwekewe Kdenlive bila gharama, na fedha zilizokusudiwa kwa fundi, pamoja na nyongeza kidogo, zinunue kipaza sauti cha kubana kwenye kanzu. Uamuzi huo umeonekana kuwa na manufaa, kwa kuwa mtazamaji huvumilia picha yenye kiza kidogo, lakini darsa isiyosikika huizima mara moja. Kwa hiyo anayeanza na ana akiba ndogo, tunamnasihi ainunulie sauti kabla ya kufikiria kulipia programu.

Tusilisahau jambo la muziki. Programu nyingi za simu huja na nyimbo zilizopachikwa tayari. Mbali na kauli za wanazuoni kuhusu muziki, nyimbo hizo zina wenyewe, na ruhusa ya kuzitumia mara nyingi ina mipaka. Sauti ya bibi inatosha kuwa sauti ya video ya bibi.

Sitara za watu

Programu ikishapatikana kwa halali, inabaki namna ya kuitumia. Hapa tuna mambo matatu ya kuusia.

Kwanza, ruhusa. Harusi zetu zina upande wa akina mama, ambako bibi harusi na wageni wake hustarehe wakijua kuwa hawaonwi na wasio maharimu wao. Kipande cha sekunde kumi kikitoka humo na kuwekwa katika makundi ya WhatsApp huvunja sitara ya watu wengi kwa pamoja, na tumeona ndoa changa zikitikiswa kwa jambo hilo. Kazi ya upande wa akina mama ifanywe na mabinti wetu wenyewe, tangu kupiga picha mpaka kuhariri, na faili likabidhiwe kwa mwenyewe bila nakala kubaki. Ndiyo sababu moja ya kuwafundisha mabinti kazi hii sawa na ndugu zao wa kiume. Ama yanayofanyika ndani ya jando na unyago, hayo yasirekodiwe kabisa. Hata dola sasa imelitilia mkazo suala hili kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Pili, amana ya maneno. Sheikh anaposema, "Wako wanaodai kadha wa kadha, na dai hilo ni batili," mhariri akiikata nusu ya pili amemtungia sheikh uongo kwa sauti yake mwenyewe. Allah (SW) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuzichunguza habari ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mhariri ni miongoni mwa waleta habari. Kila darsa iliyofupishwa impitie msemaji aisikilize kabla ya kusambazwa.

Tatu, misiba. Si kila machozi ni ya kuoneshwa. Wafiwa waulizwe baada ya siku kupita, na wakikataa iwe basi.

Namna ya kuanza

Waswahili husema mwanzo wa ngoma ni lele. Lele ya kazi hii iwe ndogo. Chagua programu moja kati ya tulizozitaja na uahidi kutoibadilisha kwa muda wa miezi mitatu, kwani anayehama kila wiki hujifunza vitufe tu na hajifunzi kuhariri. Rekodi mazungumzo ya dakika kumi na mzee wa nyumbani, mchana, mahali penye utulivu, simu ikiwa imelazwa ubavu na kuegemezwa pasipotikisika. Yafupishe yawe dakika tatu. Andika jina lake, kijiji chake na tarehe. Toa faili la aina ya MP4, kisha waoneshe watu wa nyumbani na uwaulize ni wapi hawakuelewa. Umeme ukikatika ukiwa kwenye kompyuta, utashukuru ikiwa ulihifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache.

Video ghafi usiifute. Korosho ikishabanguliwa hairudi katika ganda lake, na video iliyokatwa bila asili yake kuhifadhiwa haiwezi kurudishwa. Weka nakala mbili mahali pawili: moja katika simu au kompyuta, nyingine katika flashi au diski iliyo nyumba nyingine. Katika daftari la kawaida andika nani alirekodiwa, lini, na aliruhusu nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sauti za wazee wetu ni mali.

Wazazi wenzetu, msimkatishe tamaa kijana anayeinamia simu kwa saa nzima kabla ya kumuuliza anafanya nini. Huenda anahangaika kuyaandika kwa Kiswahili maneno ya babu yake. Muulizeni ameipata wapi programu yake, nani amempa ruhusa ya picha hizo, na mwombeni awaoneshe. Maswali hayo matatu, yakiulizwa kwa upole, yatamlea vizuri kuliko kumnyang'anya simu.

Wazee wanaokumbuka habari za misikiti yetu ya kwanza, za madrasa zilizokuwa chini ya miembe na za maji yaliyotekwa mabondeni wanazidi kupungua kila mwaka. Programu ya bure katika simu ya kawaida inatosha kuwasikiliza kabla hawajatutoka. Tunamuomba Allah (SW) awape umri mrefu wenye afya, awaongoze vijana wetu katika kuyatumia haya kwa kheri, na atujaalie sote kuwa watunzaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.